Kitambaa Kilichokatwa Kabla ya Kupimwa

Karatasi ile ninayo hata leo. Ni ukurasa uliochanwa kwenye kaye (daftari) ya mtoto, na pembeni una doa la mafuta, kwa maana mchungaji aliupaka mafuta usiku wa tarehe 31 Desemba 2020. Kanisani kwetu, kama ilivyo katika makanisa mengi ya hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mkesha wa kufunga mwaka una taratibu zake. Watu wanaimba mpaka sauti zinakwama, shuhuda zinatolewa, kisha ikikaribia saa sita usiku kila mmoja anapeleka mbele karatasi yenye mipango yake ya mwaka mpya, iombewe. Wengine huandika palepale, karatasi juu ya goti, kwa tochi ya simu. Mimi niliandika yangu nyumbani mapema, tena kwa rula.

Nilikuwa nimeandika hivi: nyumba ya Buhene imalizike kabla ya mwezi wa nane. Tuhame Mabanga, tuachane na kodi. Mashini mbili za kushonea, za umeme. Ateliye, yaani chumba cha kazi, yenye dirisha la kioo kule mtaa wa Himbi, jina langu juu ya mlango. Kila jambo nililiwekea mwezi wake na pesa zake. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, nikaandika AMINA, nikaipigia mistari miwili.

Ile amina ndiyo iliyonichukua miaka kuielewa. Niliiandika mahali ambapo Mungu angeweka neno lake, kama alikuwa nalo. Nilimpelekea mpango uliokwisha kukatwa na kushonwa, nikamwomba apige pasi tu.

Mimi ni mshonaji. Baba watoto ni mwashi. Wote wawili tunakula kwa futi, yake ya chuma, yangu ya kitambaa. Ungedhani watu wa namna hiyo wanajua kupima.

Kiwanja cha Buhene, sisi huku tunasema parseli, tulikinunua mwaka 2018. Pesa zilitoka kwenye likelemba, tulikuwa akina mama 12, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, na zamu yako ikifika unabeba zote. Nilibeba zamu zangu, nikaongeza za nguo za harusi, baba watoto naye akaongeza za ujenzi wa watu. Bei ilikuwa nafuu, na hakuna mtu wa Goma asiyejua kwa nini. Buhene iko kaskazini, upande wa Nyiragongo, mlima wa volkano. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima ule ulishuka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ukaenda kuzima ziwani. Baba watoto alikuwa kijana wakati ule, na nyumba ya wazazi wake ilikwenda. Kwa hiyo alisita. "Mlima ule haujahama," aliniambia. Mimi nikamjibu kwamba ana imani haba. Naliandika neno hilo kwa haya. Mtu alikuwa na hoja, nami nikamnyamazisha kwa kutumia imani.

Halafu nikaenda kwa mtumishi mmoja, si wa kanisa letu, aliyesifika kwa maono. Hata pale sikuuliza kama tununue. Nilimwambia, "Baba, tumepata parseli, utuombee." Angejibu nini? Alifumba macho, akasema anaiona nyumba, ina baraza, watoto wanacheza. Nikatoka hapo nimenyoosha shingo. Muda mrefu baadaye, mambo yote yalipokwisha kupita, tulikutana soko la Virunga, akaniambia kwamba nyumba aliyoiona ilikuwa ya mbinguni. Nilicheka mpaka naye akacheka, mfuko wa lengalenga mkononi. Sina kinyongo naye. Nathani alikuwa nabii wa kweli kabisa, lakini Daudi alipomweleza kwamba anataka kumjengea Bwana nyumba, alimjibu upesi: nenda, ufanye yote yaliyo moyoni mwako. Usiku uleule neno likamjia, ikambidi arudi kumwambia mfalme kwamba atakayejenga si yeye, ni mwanawe. Iko katika 2 Samweli 7. Naipenda sana ile safari ya Nathani ya kurudi. Biblia haisemi alitembea kwa mwendo gani.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo jingine, dogo, lisilohitaji maono ya mtu yeyote. Mama mmoja mzee wa kikundi chetu cha wanawake alinijia mara tatu. Alisema kuna wasichana kanisani walioacha shule, wengine wamezalia nyumbani, wanakaa tu. Ukumbi uko wazi siku za Alhamisi. "Uwafundishe hata kushika sindano." Mara tatu nilimpa jibu moja: "Mama, nikishamaliza nyumba." Mara ya tatu hakubishana. Aliniwekea mkono begani, akaenda zake.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 nilikuwa namalizia nguo za kwaya. Giza lilipoingia nikaona ukuta wa jirani umekuwa mwekundu. Nilidhani nyumba ya mtu imewaka. Nilipotoka, anga lote juu ya mlima lilikuwa jekundu, na barabarani watu wamesimama wakiangalia upande mmoja, hakuna anayesema. Kimya kile nakikumbuka kuliko kelele zilizofuata. Kisha magodoro yakaanza kutembea juu ya vichwa vya watu, wengine wakielekea mpakani kuvuka Gisenyi, Rwanda, wengine barabara ya Sake. Sisi tulikaa nje na watoto, tumefunga vitu. Usiku sana simu ya baba watoto ikalia. Alikuwa jirani yetu wa Buhene. Alisikiliza, akasema "aksanti", akakata.

"Imefika," akaniambia. Hakuongeza neno mpaka kukakucha.

Mto wa moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege. Mji ulipona, Buhene haikupona. Watu zaidi ya 30 walikufa, maelfu wakabaki bila nyumba, na barabara ya Rutshuru ikakatwa. Sisi hatukuzika mtu, na jambo hilo nilisahau kushukuru kwa majuma kadhaa. Kisha ardhi ikaanza kutikisika, mchana na usiku, mpaka watoto wakawa hawaulizi tena. Asubuhi ya tarehe 27 tukasikia amri ya gavana wa kijeshi: mitaa 10 kati ya 18 ya mji iondoke mara moja, kwa hofu kwamba moto uko chini ya miguu yetu na chini ya ziwa. Mabanga ilikuwamo.

Nilichukua bisibisi. Ndiyo, kabla ya sufuria. Nikafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, nikakifunga kwa kitenge, nikakiweka mgongoni. Mashini za zamani ni chuma kitupu, na gurudumu lilikuwa linanichoma ubavuni kila hatua. Baba watoto alibaki, kama wanaume wengi walivyobaki, kulinda kidogo kilichosalia. Mimi na watoto tukapata nafasi kwenye boti ya kwenda Bukavu, baada ya kusukumana ambako sitaki kukukumbuka. Ndani mama mmoja akajisogeza. "Kaa hapa, mama. Mtoto wako ametulia sana."

"Amelala," nikamwambia.

Sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani niliona haya, watu wamebeba wazee na watoto, mimi nimebeba chuma. Tulipokuwa tukipita kando ya kisiwa cha Idjwi akanyoosha mkono ampapase mtoto, akakutana na gurudumu. Akaniangalia. Nikamwangalia. Tukacheka mpaka boti nzima ikageuka, na mimi ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumamosi.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anakaa Kadutu kule Bukavu, kwenye mteremko ule ambao bati la nyumba ya chini liko usawa wa miguu yako. Vyumba viwili, tukawa watu 11. Mchana nilisaidia kutwanga sombe na kuchota maji. Usiku, wote wakisha kulala, nilitoa ile karatasi yenye doa la mafuta. Swali langu kwa Mungu halikuwa la kina kama yale ya Ayubu. Lilikuwa swali la mtu wa ofisini: si ulisaini?

Juu ya karatasi ile nilikuwa nimeandika Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mstari ule kwetu umejaa kila mahali, kwenye kalenda, nyuma ya mabasi, kwenye kadi za harusi. Kule Kadutu, kwa kuwa sikuwa na kazi, nilisoma sura nzima. Ni barua. Imeandikwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu mpaka Babeli. Katika sura inayotangulia, Hanania amewatangazia watu kwamba ni miaka miwili tu, kila kitu kitarudi. Yeremia kwanza alimjibu amina, Bwana na afanye hivyo, maana hata yeye angependa. Lakini barua inasema miaka 70. Inawaambia wajenge nyumba hukohuko waliko, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji ule uliowateka, maana katika amani ya mji ule nao watapata amani. Ndipo unakuja ule mstari wa kalenda. Mtu wa miaka 40 aliyesomewa barua ile alijua kwamba yeye harudi. Mawazo mema ya Mungu juu yake yalikuwa shamba la mboga katika nchi ya watu.

Sikuipenda sura ile. Niliifunga nikalala.

Siku iliyofuata binti wa jirani akaja na sketi ya shule iliyopasuka. Nilikuwa nimekwisha kuazima mkono wa kuzungushia kwa fundi mmoja wa soko la Kadutu, nikakiweka kichwa cha mashini juu ya meza ya yaya, barazani. Nikamwambia azungushe mwenyewe, mimi niongoze kitambaa. Alizungusha kama mtu anayesaga mahindi, uzi ukakatika mara nne. Kesho yake alirudi na wenzake wawili. Mmoja alikuwa ametoka Goma kama sisi. Baada ya majuma mawili wakawa watano, na yaya akaanza kunung'unika kwamba baraza lake limekuwa shule. Siku moja nikauliza tu, kama mtu anavyouliza, leo ni siku gani. Mmoja akajibu bila kuinua macho: "Alhamisi."

Niliweka mkasi chini.

Naomba nisisomwe vibaya. Sisemi kwamba Mungu aliwasha mlima ili mshonaji mmoja afundishe wasichana watano kushona sketi. Kuna nyumba zilizozika watoto Mei ile, na mtu akienda kuwaambia maneno kama hayo anastahili kufukuzwa mlangoni. Yesu alipoelezwa habari za waliouawa, yeye mwenyewe alitaja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hakutoa sababu ya mnara kuanguka. Mimi pia sina sababu ya mlima. Nilichokiona barazani pale ni kitu kidogo kuliko hicho: kazi ile ilikuwa mbele yangu tangu zamani, imeletwa na mama mzee kwa miguu yake, mara tatu, bila moto wowote. Nilikuwa nikikesha kumwomba Mungu anionyeshe mapenzi yake kuhusu dirisha la kioo kule Himbi, na lile alilokwisha kunionyesha nimeliwekea tarehe ya baadaye.

Tulirudi mwezi wa sita. Parseli yetu ilikuwa jiwe jeusi, limevimba na kukunjamana kama ngozi ya tembo. Bado lilikuwa na joto. Mvua ikinyesha mvuke ulipanda, na soli ya kandambili yangu ikaanza kulainika nikaruka pembeni. Baba watoto alikuja na kamba, misumari na futi yake ya chuma. Alitaka kutafuta mipaka. Lakini mtu anapima kuanzia wapi? Mti wa jirani haupo. Msingi aliouchimba mwenyewe uko chini, sijui mita ngapi. Hata barabara tuliyokuwa tunahesabia hatua haipo. Alizunguka saa nzima, akipigilia msumari kwenye ufa, anang'oa, anapigilia kwingine, na majirani wengine nao wanafanya hivyohivyo, kamba zinakatana, watu wanaanza kuzozana juu ya jiwe. Mwisho akakunja kamba yake vizuri, kama anavyofanya jioni kazini.

Hakuniambia "nilikuambia". Mpaka leo hajaniambia. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu rehema, na lile la kamba iliyokunjwa sijapata bado la kulinganisha nalo.

Waliokuja kutupa pole walikuwa wengi, Mungu awabariki, na karibu kila mmoja alisema Mungu ana mpango. Nilijifunza kuitika. Siku hizi mimi nikienda kwenye msiba au kwa mtu aliyepatwa, neno hilo silisemi. Ni neno la kweli, lakini mwenye haki ya kulitamka kwanza ni yule aliyeunguliwa. Mgeni anywe chai yake.

Alhamisi ya kwanza baada ya kurudi nilikwenda ukumbini. Yule mama mzee alikuwa amepanga viti tayari, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba ninakuja. Nilipomwuliza alijua vipi, alisema hakujua, viti huwa anavipanga kila Alhamisi. Tulianza na wasichana saba na mashini mbili, moja ikiwa ile iliyosafiri mgongoni. Kila mmoja alileta uzi wake. Nisipambe mambo. Mmoja aliondoka na mkasi wangu mzuri, hakurudi. Mwingine aliolewa kabla ya kujua kuweka zipu. Wawili walikuwa hawapatani, nikawa hakimu kila juma. Mmoja leo anashona kuliko mimi, na wateja wangu wengine wamemfuata, jambo ambalo liliniuma, nikaliombea, likaniuma tena.

Sasa niseme habari ya kitambaa.

Mwezi wa pili mwaka 2024 akaja mama mmoja. Kwa mshonaji wa Kongo mwezi wa pili hauna usingizi, kila mwanamke anataka kitenge chake kiwe tayari tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake. Alinyoosha mfuko. Ndani mlikuwa na kitenge kizuri, yadi sita, rangi ya kunde na dhahabu, kimekwisha kukatwa. Alikuwa amekikata mwenyewe nyumbani, akifuata picha ya simu. "Mama, unishonee tu, kila kitu iko tayari."

Nilikitandaza mezani. Kifuani kimepungua vidole vinne. Mabega yamekatwa sawasawa na mstari wa mwili, hakuna hata nukta ya kuingilia mshono. Wenye kazi hii wanajua: ukipima, unaacha nje ya mstari upana wa vidole viwili, wakati mwingine vitatu ubavuni. Kipande hicho hakionekani nguo ikiisha. Kiko ndani, kinakaa gizani. Lakini ndicho kinachoshika nguo, na mwili ukibadilika, mtu amenenepa, amezaa, unafumua pale, unaachia. Nguo isiyo na akiba ya mshono, hata iwe nzuri vipi, ni ya siku moja.

"Ungeniletea kizima," nikamwambia.

"Niliogopa utaniharibia," akajibu, bila ubaya wowote.

Usiku ule nilikwenda kuitafuta ile karatasi. Niliisoma tena. Mambo yenyewe hayakuwa mabaya. Nyumba si dhambi. Kuacha kupanga si dhambi, na mtu yeyote aliyewahi kupanga Goma atanielewa. Ila nilikuwa nimekata kwenye mstari. Hapakuwa na kidole kimoja cha ziada kwa ajili ya mgonjwa, mgeni, Alhamisi, au neno la mume. Hivyo hata Mungu angetaka kuniachia kidogo ubavuni, angeshika wapi? Na nilimficha kitambaa kizima kwa sababu ileile ya yule mama: niliogopa ataniharibia.

Yakobo anawasema watu wa namna yangu, wanaosema leo au kesho tutaingia mji fulani, tukae mwaka mzima, tufanye biashara, tupate faida. Zamani nilidhani anakataza kupanga. Hawakatazi. Anawapa maneno ya kuongeza: Bwana akipenda. Sisi tumeyafanya maneno hayo kuwa ya kumalizia mazungumzo ya simu, "tutaonana kesho Mungu akipenda", na mara nyingi maana yake ni kwamba sitakuja. Mimi sasa nayasikia kama vidole viwili vya kitambaa.

Ninapanga bado, pengine kuliko zamani. Kaye yangu siku hizi naandika upande wa kushoto peke yake, kwa penseli. Upande wa kulia naacha. Kadiri mwaka unavyokwenda naandika kule yale yaliyokuja bila kuitwa: fulani amelazwa, nimekaa naye siku nne, mtoto wa yaya amekuja kukaa kwetu, msichana wa ukumbini kanirudishia deni. Mwisho wa mwaka nasoma kulia kwanza. Si maajabu, kuna kurasa zimebaki nyeupe na sijui zina maana gani. Na mambo ambayo Biblia imekwisha kuyasema waziwazi, kutenda haki, kupenda rehema, kulipa ninachodaiwa, kumsikiliza mume mwenye hoja, siyaombei tena mwongozo. Hayo nayafanya, au nakiri kwamba sitaki. Mwongozo nauomba kwa yale yasiyoandikwa, na hapo nimejifunza kukubali mlango ukifungwa bila kupewa sababu. Paulo na wenzake walizuiwa kuhubiri Asia, wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa tena, na Luka anapita hapo kwa mistari miwili tu, kana kwamba mtume kukosa njia mara mbili mfululizo ni mambo ya kawaida ya safari. Walifika Troa kwa sababu kwingine kote kulikuwa kumefungwa. Maono ya Mmakedonia yalikuja baadaye, wakiwa tayari pwani.

Mwaka 2025 sitausimulia sana. Mwezi wa kwanza vita viliingia mjini, mabenki yakafunga, na akiba yangu ndogo ikabaki upande wa pili wa mlango wa chuma. Usiku mmoja ukumbi ulivunjwa, mashini mbili zikaenda. Ile ya zamani haikuwamo, ilikuwa kwangu. Kwa miezi kadhaa watu hawakushona nguo, walifumua. Tulikuwa tunafumua gauni la mama kutengeneza mbili za watoto. Ukurasa wa kushoto wa mwaka ule nilifuta zaidi ya nusu, na sikulia kama nilivyolia Kadutu. Sijui kama hiyo ni imani au ni uchovu. Baadhi ya siku sivitofautishi.

Baba watoto ana neno jipya. Anataka kurudi Buhene, kujenga nyumba ya mbao juu ya jiwe lile. Anasema watu wa Goma wamejenga juu ya jiwe tangu 2002, na jiwe ni msingi usio na gharama. Safari hii mwenye kusita ni mimi, na yeye hajaniambia kwamba nina imani haba. Juzi jioni akaniuliza kama nimeliombea. Nikamwambia bado napima.

"Pima," akasema, akaendelea kula vidagaa vyake vya sambaza.

Yule mama wa kitenge cha kunde, kama mtu anataka kujua, nilimtafutia kitambaa cheusi, nikakiingiza ubavuni pande zote mbili na chini ya makwapa, kama michirizi. Alinuna. Alisema cheusi ni cha msiba, akalipa nusu. Tarehe 8 Machi nilimwona kwenye barabara, anacheza na wenzake, mikono juu, na nguo ikimfuata vizuri tu. Nusu ya pili hajaleta.

Alhamisi iliyopita mteja mwingine alikuja ukumbini, mwanamke mnene kidogo, mcheshi. Nilimpa msichana wangu mdogo kuliko wote ampime, ajifunze. Akamzungushia futi kiunoni. Yule mama, kama wanavyofanya karibu wote, akavuta pumzi, akaingiza tumbo, akasimama kama askari. Msichana akaandika namba. Akageuka aniangalie.

"Futa," nikamwambia. "Mwambie apumue kwanza."